Mtu Ana Mizani Mbili, na Mbuzi Pia

Maswali ya wasomaji kuhusu lugha, lafudhi na ushairi

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Nilituma shairi kwenye kipindi cha mashairi cha redio, likarudi na neno moja tu: "Mizani." Nimehesabu mara tatu, kila kipande naona kina nane. Ubeti wa kwanza ndio huu:

Msimu umetuamsha, mashamba yamelowana,
Majembe tumenolesha, mbegu tumegawana,
Kazi haitatuchosha, tukiungana wakulima,
Kilimo chatuvukisha, njaa tutaagana.

Kosa liko wapi?
*Bi. Mkulima, Kilosa*

JIBU: Bi. Mkulima, wazo la ubeti limekaa vizuri, na vipande vinne kati ya vinane havina tatizo lolote. Vinne vilivyobaki vimevunjika, na karibu vyote vimevunjwa na herufi mbili zinazowasumbua watunzi wengi wapya: m na n.

Tuanze na "Msimu umetuamsha". Umehesabu "am-sha", mizani (yaani silabi) mbili. Mwimbaji akifika hapo atatamka a-m-sha, tatu, kwa sababu m ile inasimama peke yake. Kipande kina tisa: m-si-mu-u-me-tu-a-m-sha. M ikitangulia s, t, k, l, sh, ch na nyingi nyinginezo, ihesabu: m-tu, m-ka-te, m-le-vi.

Mtego uko mbele ya b na v. "Mbegu" umeipa mizani tatu, m-be-gu, kumbe ni mbili: mbe-gu. Hapa m imegandana na b, zinatoka kwa pumzi moja, kama katika mbu-zi na mba-li. Lakini "mbunge" ni tatu, m-bu-nge. Utajuaje? Geuza wingi. Mbunge, wabunge: m imeng'oka, kwa hiyo ilikuwa na mizani yake. Mbegu moja, mbegu nyingi: m haikubanduka, kwa hiyo haihesabiwi. Kipimo hiki kinafanya kazi hata kwa neno lilelile. "Mtu mbovu" (watu wabovu), mbovu ni tatu. "Nyumba mbovu" (nyumba mbovu nyingi), mbovu ni mbili.

N nayo, mbele ya d, g, j na z, imegandana vivyo hivyo: nde-ge, ngo-ma, nja-a, nzi-ge. Ndiyo maana "njaa tutaagana" ina saba, si nane. Maneno yanayokataa kanuni hii ni yale yenye irabu moja tu: nchi, nta, nge, mbwa, mbu, mvi. Hayo yana mizani mbili kila moja. Sababu ni mkazo. Kiswahili kinataka mkazo uangukie silabi ya pili kutoka mwisho, na neno likiwa halina silabi nyingine, m au n inalazimika kuubeba. Ukisema "nchi" polepole utausikia mzigo ule juu ya n.

"Tukiungana wakulima" ina makosa mawili. Yawezekana uliimeza u: tu-ki-u-nga-na ni tano, na wa-ku-li-ma nne, jumla tisa. Irabu mbili zikifuatana, kila moja ina mizani yake. Kisha kina kimekatika. Mishororo mingine inaishia na -na, huu unaishia na -ma. Katika ushairi wetu wa mapokeo kina ni silabi nzima, konsonanti na irabu yake, kwa hiyo kufanana kwa a peke yake hakutoshi.

Marekebisho hayahitaji kubomoa nyumba:

Msimu watuamsha, mashamba yamelowana,
Majembe tumenolesha, mbegu tumegawiana,
Kazi haitatuchosha, tukiungana vijana,
Kilimo chatuvukisha, na njaa tutaagana.

"Umetuamsha" imekuwa "watuamsha", ikapungua moja. "Gawana" imenyambuliwa kuwa "gawiana", ikaongezeka moja. "Na" ya mwisho imetengeneza mizani na sarufi kwa pamoja, maana mtu huagana *na* njaa. Kuitanguliza, badala ya kusema "tutaagana na njaa", ni ruhusa ya mshairi, mradi msikilizaji asipotee.

Neno moja la ziada, kwa kuwa unaonekana una kipaji. Vina vya -sha na -na vinapatikana kwa urahisi mno, kwani karibu kila kitenzi kinakubali kunyambuliwa hivyo. Shairi la beti kumi likitegemea -sha na -na tupu, sikio linachoka kufikia ubeti wa nne. Katika beti zinazofuata tafuta kina kinachobeba nomino: -mo, -zi, -go. Na usihesabu kwa kutazama karatasi. Imba kipande kwa sauti huku ukigonga meza, pigo moja kwa kila silabi, mara nane. Kipande chenye saba kitakulazimisha uvute irabu mahali pasipostahili, na chenye tisa kitakukimbiza. Vyote viwili utavisikia kabla ya kuvihesabu.

SWALI: Jambo wahariri. Sisi huku tumekulia Kiswahili cha Kongo. Nimeanza kusoma mashairi ya Muyaka na mengine ya kale, nakutana na "ndia", "mato", "moya", na mtu "ametoka" wakati haonekani kwenda popote. Kamusi yangu hainisaidii. Nitumie njia gani?
*Msomaji, Bukavu*

JIBU: Ndugu, kamusi yako imejengwa juu ya Kiunguja, na Muyaka bin Haji hakuwa mtu wa Unguja. Aliishi Mombasa, takriban 1776 hadi 1840, akatunga kwa Kimvita. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa mwaka 1928, uliofanyika Mombasa kwenyewe, na Kamati ya Lugha iliyosimamia usanifishaji ikaanza kazi mwaka 1930. Kabla ya hapo mashairi makubwa mengi yalikuwa yameandikwa kwa Kimvita na Kiamu, lahaja ya Lamu. Kwa hiyo kukwama kwako si dalili ya kutojua Kiswahili.

Funguo tatu zitakufungulia milango mingi.

Ufunguo wa kwanza: t ya Kimvita mara nyingi ni ch ya Kiunguja. Mato ni macho, kuteka ni kucheka, kutukua ni kuchukua, na kutoka yaweza kuwa kuchoka. Yule "aliyetoka" bila kwenda popote alikuwa hoi. Wenyeji wa Mombasa hawachanganyikiwi hapo, kwani wana t mbili: moja ulimi unagusa meno, nyingine unagusa ufizi nyuma ya meno. Maandishi ya leo yanaziandika sawa, ndipo msomaji wa mbali anaponaswa.

Wa pili: nd badala ya nj. Ndia ni njia, ndaa ni njaa, na "ndoo!" ukiambiwa mlangoni, unaitwa tu, hakuna aliyekuagiza maji.

Wa tatu, ambao utauhitaji zaidi kwa mashairi ya Lamu: y badala ya j. Moya ni moja, yana ni jana, yua ni jua, kuya ni kuja.

Ukikuta neno geni, liandike pembeni, badilisha sauti moja tu kwa wakati, kisha soma mshororo mzima kwa kila badiliko. Maana ikikubali, umefika. Ikiwa mabadiliko mawili yote yana maana, tazama vina. Kama mishororo jirani inaishia na -to, basi mshairi alitamka *mato*, na yanayosemwa ni macho.

Kwa sababu hiyohiyo tunawasihi wanaochapa upya mashairi ya kale wasiyasanifishe. Mhariri anayegeuza "mato" kuwa "macho" anadhani amemrahisishia msomaji, kumbe amevunja kina cha ubeti mzima. Maelezo yawekwe chini ya ukurasa, shairi liachwe kama lilivyo. Utakuta pia nakala mbili za shairi moja zinatofautiana. Mashairi hayo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na mwandiko wa zamani haukutenganisha e na i, wala o na u. Aliyeyahamishia kwenye herufi za Kirumi alilazimika kuchagua irabu, na si wote waliochagua sawa.

Wewe wa Bukavu una faida moja ambayo wengi wa pwani hawana. Kwenu husemwa "mutu" na "mutoto". Ile u mnayoitamka ndiyo iliyomezwa na Unguja, ikaacha m peke yake, nayo m ikabaki na nafasi ya silabi. Bi. Mkulima hapo juu alihitaji maelezo marefu ili aone kwamba m ya "mtu" ina mizani. Wewe unaisikia kila siku sokoni.

SWALI: Shikamooni. Niko kidato cha tatu na nimechaguliwa kusoma shairi kwenye mashindano. Wenzangu wananicheka kwa sababu nikisema "kalamu" inatoka "karamu". Nina majuma matatu. Je, inawezekana?
*Mwanafunzi, Nyeri*

JIBU: Marahaba, mwanetu. Majuma matatu yanatosha kwa sauti mbili. Wanaokucheka waambie Kikuyu hakina l. Ulimi wako ulifundishwa r tangu utotoni na unafanya kazi uliyofundishwa, hauna kasoro.

Sauti zote mbili zinaanzia mahali pamoja, kwenye ufizi nyuma ya meno ya juu. Tofauti ni muda. Kwa l, ncha ya ulimi inagusa ufizi na *inakaa*, hewa inapita pembeni kushoto na kulia. Kwa r, ncha inagonga mara moja na kuondoka. Jaribu hivi: weka ncha ya ulimi kwenye ufizi, toa sauti llllll kwa sekunde tatu bila kuibandua, kisha ifungulie irabu: llllla. Ikiwa huwezi kuivuta kwa sekunde tatu, uliyotoa si l.

Juma la kwanza usiguse maneno. Fanya la, le, li, lo, lu kwa kuvuta hivyo, dakika tano asubuhi na tano jioni, mbele ya kioo ili uone ulimi haushuki. Juma la pili fanya jozi, neno la l likitangulia: kula na kura, mahali na mahari, kalamu na karamu. Jirekodi kwenye simu ukisema jozi kumi bila mpangilio, kisha mpe rafiki asikilize bila karatasi na aandike anachosikia. Hesabu ni za rafiki, usijipe maksi mwenyewe, kwa sababu sikio lako bado halijatofautisha vizuri na litakudanganya. Juma la tatu nenda kwenye shairi lenyewe. Pigia mstari kila l, soma polepole mno, kisha ongeza kasi kidogo kila siku.

Kosa linalotokea sana katika juma hilo la mwisho ni mwanafunzi kuogopa r kiasi cha kuigeuza kuwa l, akaanza kusema "balua" kwa barua. Likikutokea, pumzika siku moja, kisha rudi kwenye jozi.

SWALI: "Barabara" ya magari na "barabara" ya kusema jambo ni sawasawa, zinatamkwa sawa?
*Msomaji, Kampala*

JIBU: Hapana. Ya magari inafuata kanuni, mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho: baraBAra. Ya sawasawa mkazo unarudi nyuma silabi moja: baRAbara.

SWALI: Nimeolewa Unguja. Mama mkwe ananiambia nikisema "paa" hajui kama namaanisha mnyama au bati la nyumba. Mimi nasikia neno moja. Kuna tofauti kweli?
*Mkwe Mgeni, Mjini Magharibi*

JIBU: Ipo, dada, na unaweza kuiona kwa macho. Chukua ukanda wa karatasi nyepesi, ushike mbele ya midomo, umbali wa vidole viwili hivi, umwombe mama mkwe aseme yote mawili. Akimtaja mnyama, p inatoka na pumzi na karatasi inaruka. Akitaja paa la nyumba, karatasi inatulia au inatikisika kidogo sana. Majina ya ngeli ya mnyama huyo zamani yalibeba n mwanzoni. Mbele ya p, t na k hiyo n ikayeyuka, ikaacha pumzi mahali pake. Wasemaji wengi wa bara hawana tofauti hiyo, na maandishi sanifu hayaionyeshi. Jifunze kwa karatasi hiyohiyo hadi uirushe kwa mnyama tu. Mizani haibadiliki, yote ni pa-a.

SWALI: Ninafundisha shule ya sekondari na nataka wanafunzi watafsiri shairi la Kiingereza kwa ajili ya mahafali. Kila nikijaribu mwenyewe, ama vina vinapotea ama maana inapotea. Tena, kwa nini Mwalimu Nyerere aliandika *Mabepari wa Venisi* wakati jina la tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri, *The Merchant of Venice*, linamtaja mfanyabiashara mmoja?
*Mwalimu, Dodoma*

JIBU: Mwalimu, hilo la pili linasaidia kujibu la kwanza. Tafsiri hiyo ilitoka mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. "Bepari" ni neno lililotufikia kutoka lugha za Kihindi likiwa na maana ya mchuuzi, mfanyabiashara. Kufikia miaka ile lilikwisha kubeba maana ya mwenye mtaji anayenyonya. Neno moja likashika maana mbili, la kale likiwa aminifu kwa Shakespeare na jipya likizungumza na msomaji wa Tanzania. Wingi nao ukahamisha macho kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa mji mzima wa watu wa fedha. Unaweza kukubaliana na uamuzi huo au usikubaliane, sisi tunauona ni wa kijasiri. Kila tafsiri ya ushairi huacha kitu, na mtafsiri mzuri huchagua mwenyewe kitakachoachwa. Usisubiri vina vikuchagulie.

Darasani fanyeni hivi. Kwanza waandike maana ya shairi kwa nathari, sentensi za kawaida, bila kujali urembo. Pili, kila kundi lipigie mstari vitu viwili ambavyo vikikosekana shairi limekufa: picha fulani, mzaha, jina, marudio. Tatu ndipo mchague umbo. Shairi la kusimulia linakaa vizuri kwenye utenzi, mizani nane kwa mshororo, mishororo mitatu ikiwa na kina kimoja na wa nne ukibeba kina kinachopita beti zote. Shairi la hoja au mapenzi linapumua zaidi kwenye mizani kumi na sita.

Usijaribu kuingiza mstari mmoja wa Kiingereza ndani ya mshororo mmoja wa mizani nane. "Nimekwishakuambia" ni neno moja, na limekwisha kujaza nane zote. Panga tangu mwanzo kwamba mstari mmoja wa kule utachukua miwili huku, na mkate maneno ya kujazia ya mwandishi wa asili. Kama shairi la asili halina vina, msijilazimishe kuvitia.

Jihadharini na kiwakilishi. Kiingereza kinatenganisha mwanamume na mwanamke kwa "he" na "she", "a-" yetu haitenganishi. Shairi lenye wapendanao wawili likitafsiriwa kwa "alimwambia, akamjibu" litakuwa ukungu mtupu. Taja bibi, bwana, kijana, binti, angalau mara moja katika kila ubeti.

SWALI: Tunachapisha kanga za sare kwa harusi ya mwanangu. Jina nililoandika ni "TUNAMSHUKURU MWENYEZI MUNGU KWA KUTUJALIA WATOTO WETU KUFUNGA NDOA". Dada yangu anasema ni hotuba. Nisaidieni.
*Mama Bwana Harusi, Tanga*

JIBU: Mama, hongera, na dada yako amesema kweli. Kanga ina pindo kuzunguka pande zote, mji katikati, na jina kwenye kisanduku chembamba sehemu ya chini ya mji. Maneno tisa yakiingia humo, mchapaji atalazimika kupunguza herufi, na mgeni aliye hatua nne nyuma ya mvaaji hataweza kusoma. Kanga husomwa ikitembea.

Desturi ya kuweka majina inahusishwa na duka la Kaderdina Hajee Essak, maarufu "Mali ya Abdulla", lililoanza Mombasa mwaka 1887. Majina ya mwanzo yalikuwa kwa herufi za Kiarabu. Yanayodumu vinywani ni mafupi, na mengi yanaangukia mizani nane au yanaikaribia. Hesabu "Mwenye wivu ajinyonge": mwe-nye-wi-vu-a-ji-nyo-nge. Nane kamili, kipande cha shairi.

Shukrani yako kwa mizani nane inaweza kuwa MOLA KATUPA FURAHA. Ukitaka ndoa itajwe: MUNGU IBARIKI NDOA. Ukitaka sauti ya wazazi kwa wanandoa: PENDO LENU NI AMANA. Hilo la tatu ndilo tunalolipenda, kwani linaweza kuvaliwa hata miaka kumi baada ya harusi. Epuka jina lenye kijembe, hata dogo. Sare inavaliwa na pande mbili za ukoo, na kila neno lenye fumbo litatafutiwa mlengwa.

Kabla ya kulipa, omba sampuli iliyochapwa kwenye kitambaa, usiridhike na picha ya simu. Isome kwa sauti herufi moja moja, pamoja na mtu ambaye hajawahi kuliona jina hilo, kwa sababu wewe utasoma ulichokusudia. Tazama hasa h inayodondoka, l iliyogeuka r, na nafasi kati ya maneno, kwani "NI AMANA" ikishikana inakuwa "NIAMANA". Kisha hakikisha vipande vyote viwili vya doti vina jina lilelile, na kwamba liko mbali kidogo na mahali pa kukatia, lisije likaliwa na upindo fundi atakapokata na kupinda.